Pongo, Giza la Jioni na Upinde: Nunua Tochi Kabla ya Mshale

Maharage yakishatoa majani mawili ya kwanza, huwa najua swali litakalonifuata. Vijana wa Ihembe, wa Rugu, wa upande wa Murongo kule Kyerwa, kila mmoja analiuliza kwa namna yake lakini jambo ni lilelile: "Bwana shamba, upinde gani unafaa kumpiga pongo saa ya magharibi?" Wengine wameshaangalia video za Wamarekani. Jamaa kavaa nguo za madoadoa, kakaa juu ya mti na upinde wa kisasa wenye magurudumu, kulungu anatokea kwenye mwanga hafifu, mshale unatoka, kazi imekwisha. Inaonekana rahisi na haina kelele. Shamba linapona na sufuria inapata kitu.

Sitawakebehi wanaouliza. Pongo, ambaye wengine mnamwita mbawala na wazee wetu humwita engabi, ni hasara ya kweli. Akiingia kwenye maharage ya wiki mbili anapita mstari kwa mstari kama anachuma mboga, na mche uliokatwa kichwa mapema hautakupa kitu cha maana. Mtu aliyekopa hela ya mbegu na mbolea hawezi kuambiwa avumilie. Ila upinde saa ile ndicho kifaa kibaya kuliko vyote unavyoweza kununua, na nataka nieleze kwa nini kwa hesabu, maana nyie ni wakulima wa biashara na hesabu mnaijua. Kisha tuongee vifaa ambavyo kweli vinafaa kwenye mwanga hafifu.

Kwanza sheria, haraka haraka

Kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori namba 5 ya mwaka 2009. Haijalishi kama ni upinde, mkuki, mtego wa waya au mbwa, na haijalishi kama mnyama kasimama ndani ya shamba lako. Hata nguruwe pori ambaye kila mtu anamchukia anahitaji kibali. Sumu, mitego na mashimo ni njia zilizokatazwa, na kuwinda usiku kwa kumulika taa nako ni hivyo hivyo. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kulazimika kuua mnyama kwa kujilinda au kulinda mali, lakini hapo lazima utoe taarifa, na nyama, ngozi na pembe ni mali ya serikali, siyo yako.

Hapo kwenye nyama ndipo vijana wengi wanapoanguka. Kipande cha nyama ya porini jikoni kwako kinaitwa nyara ya serikali, na kesi yake inaweza kwenda kama uhujumu uchumi. Mwaka 2023 kule Iringa kulitokea hukumu iliyozungumzwa nchi nzima: miaka 22 jela kwa kukutwa na nyama ya swala. Baadaye Mahakama Kuu ilimwachia mshtakiwa, lakini jiulize wewe ungetoka vipi kwenye msimu wa kahawa ukiwa ndani hata miezi miwili tu, na mkopo unahesabu riba.

Sisi tuko katikati ya hifadhi. Tangu 2019 misitu na mapori tuliyoyazoea yamekuwa hifadhi za taifa: Rumanyika-Karagwe, Ibanda-Kyerwa, na Burigi-Chato upande wa kusini. Kijana anayekutwa na podo la mishale magharibi karibu na mpaka wa hifadhi hatasikilizwa kirahisi akisema alikuwa analinda maharage.

Basi, sheria imetosha. Hebu tuseme haipo. Upinde bado ungekuwa kifaa kibaya, na hii ndiyo sehemu inayonivutia zaidi.

Magharibi yetu siyo magharibi ya Marekani

Kwenye majimbo mengi ya Marekani mwindaji wa kulungu anaruhusiwa kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Vijana wanalishika hilo la "nusu saa baada ya jua kuzama" kama sheria ya dunia nzima. Kumbe kule kaskazini jua linazama kwa mshazari, linajivuta, na mwanga unabaki muda mrefu. Sisi Kayanga tuko kama digrii moja na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua letu linashuka wima. Linazama karibu saa moja jioni, linasogea mbele na nyuma kidogo kufuatana na mwezi, na baada ya dakika ishirini na ushee hivi humwoni tena mnyama vizuri. Nusu saa baada ya jua kuzama kwa Mmarekani bado anaona manyoya ya kulungu. Kwako wewe ni giza, unaona kivuli kinachoweza kuwa pongo, ndama wa jirani, au mama anayerudi na dumu la maji.

Sasa hesabu ya mshale. Upinde wa kawaida wa mti unatupa mshale kwa kasi ya mita 50 hivi kwa sekunde. Mnyama aliye mita 20 unamfikia kwa sekunde 0.4. Katika muda huo mshale umeshuka karibu sentimita 78 kutoka kwenye mstari wa macho, kwa hiyo lazima ulenge juu kufidia. Sawa. Lakini kwenye giza ukadirie mita 20 wakati ukweli ni 25, kosa ambalo mtu yeyote hulifanya jioni. Pale mshale utakuwa umeshuka sentimita 122. Tofauti ni sentimita 45 hivi. Pongo mzima begani ana kimo cha sentimita 70 hadi 90 au zaidi kidogo. Maana yake umelenga mbavu, umepiga goti, au mshale umepita chini ya tumbo ukaendelea na safari yake ndani ya migomba ya mtu.

Kuna na sauti. Uzi wa upinde ukiachiwa unalia, na sauti inakwenda mita 340 kwa sekunde. Kwa umbali ule wa mita 20 pongo anausikia uzi theluthi moja ya sekunde kabla mshale haujafika. Ni muda mfupi kwako. Kwa mnyama aliyezaliwa akikimbia chui, ni muda wa kuchuchumaa na kugeuka.

Upinde wa kisasa wa magurudumu unapunguza matatizo haya, sikatai. Unatupa mshale kwa mita 80 hadi 90 kwa sekunde, na kosa lile la mita tano linakuwa sentimita 15 badala ya 45. Ndiyo maana wenzetu wananunua. Lakini angalia wamebeba nini pamoja nao: kifaa cha leza cha kupima umbali, vialama vya kulengea vinavyokusanya mwanga, darubini kubwa, na majimbo mengi yameweka hata nguvu ya chini ya upinde kisheria, mara nyingi kati ya pauni 30 na 50. Wanafanya mazoezi ya miezi. Na bado wanampoteza mnyama aliyejeruhiwa mara kwa mara.

Na pongo aliyejeruhiwa siyo mbuzi. Dume ana kilo 40 hadi 80 na pembe zilizosokotwa zenye ncha. Kwa kawaida ni mpole na mwoga, anatembea peke yake, anajificha kwenye kichaka kizito karibu na maji. Ukimjeruhi ukamfuata kichakani usiku, anageuka. Wawindaji wa bunduki wa miaka mingi wanamheshimu kwa hilo.

Wapo watu nchini mwetu wanaojua kweli kutumia upinde gizani. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kiangazi maji yanapobaki sehemu chache, hujificha usiku karibu na maji na kungoja wanyama waje. Lakini tazama wanavyofanya. Wanapiga kwa karibu sana. Kwa wanyama wakubwa wanatumia mishale yenye sumu ya mimea, kwa sababu wanajua mshale peke yake mara nyingi hautoshi. Wakishapiga hawakimbilii gizani, wanafuata nyayo kwa subira kunapokucha. Ni elimu ya tangu utotoni, mtoto wa Kihadzabe anashika upinde akiwa mdogo kabisa. Huwezi kuinunua Omurushaka ikiwa imefungwa kwenye boksi.

Chukua akili ya mwindaji, acha upinde wake

Mwindaji mzuri wa jioni anajua mambo manne: mnyama anaona nini, ananusa nini, anapita wapi, na anakuja lini. Mambo hayo hayo manne ndiyo yanayolinda shamba, ila unayageuza. Mwindaji anataka mnyama asijue yupo. Wewe unataka ajue mapema, akiwa bado mbali, ageuze.

Tuanze na macho, maana hapa ndipo hela ya vifaa inapotea.

Wanyama wa jamii ya pongo, kama kulungu wa Ulaya na Marekani, hawaoni rangi kama sisi. Nyekundu wanaiona kwa shida sana, ni kama giza kwao. Rangi ya bluu wanaiona vizuri. Nyuma ya jicho wana utando kama kioo unaorudisha mwanga, ndiyo maana ukimulika macho yanawaka. Utando huo unawafanya waone gizani kuliko wewe.

Kutokana na hapo unapata kanuni ya kununua tochi. Unahitaji mianga miwili kwa kazi mbili tofauti. Mwanga mwekundu ni wa kutembea, kufunga kamba, kuandika kwenye daftari na kuangalia mnyama bila kumshtua. Haukuharibii macho. Jicho la mtu linachukua karibu nusu saa kuzoea giza kabisa, na tochi nyeupe ikikupiga mara moja umeanza upya. Mwanga mweupe mkali, ule unaoelekea ubluu kidogo, ni wa kufukuza. Nimeona mtu kanunua tochi nyekundu akashangaa pongo wanaendelea kula. Hawakuwa wajasiri. Hawakuiona.

Jambo la pili la macho ni la usalama, na naomba mlisome mara mbili. Nguruwe hana ule utando. Ukimulika shamba usione macho yanayong'aa, usiseme hakuna kitu, anaweza kuwa nguruwe pori kainamisha kichwa anachimbua mahindi yako. Nyani na binadamu pia hawana. Macho ya mtu hayang'ai kama ya mnyama. Na kwa upande mwingine, mbuzi, ng'ombe na mbwa macho yao yanang'aa vizuri kabisa. Kwa hiyo yule anayesema "nilimulika nikaona macho, nikapiga" anaweza kuwa kapiga ndama wa jirani, na anayesema "sikuona macho, nikatupa mshale kichakani kumtisha" anaweza kuwa kapiga mtu. Wachuma kahawa wanaamka mapema. Wanafunzi wanapita njia za mkato kabla jua halijatoka. Mshale hauwezi kuuita urudi.

Tochi yenyewe

Tochi ya kichwani ni bora kuliko ya mkononi, kwa sababu mikono inabaki huru kwa fimbo, filimbi na simu. Angalia isiwe na kitufe kimoja tu kinachopitia mianga yote kabla ya kufika kwenye mwekundu. Utajipofusha kila usiku. Tafuta yenye kitufe cha pekee cha mwanga mwekundu.

Usinunue kwa maandishi ya boksi. Tochi nyingi zimeandikwa namba kubwa za wati ambazo betri ndogo kama kidole haiwezi kuzitoa. Kipimo cha maana ni lumeni. Kwa kutembea lumeni 50 zinatosha, kwa kufukuza tafuta 300 hadi 500 na mwanga unaokusanyika uende mbali, siyo unaotapakaa miguuni kwako. Njia yangu ya kupima dukani ni ya kishamba: naiwasha kwa mwanga mkali, naiacha dakika kumi huku napiga stori na muuzaji, kisha naangalia tena. Kama imefifia nusu, hiyo imekuonyesha tabia yake. Ipigie picha na simu mwanzo na mwisho usibishane naye.

Angalia pia mpira kwenye kifuniko cha betri. Masika ya kwetu hayachezi, na alama ya IPX4 au zaidi inamaanisha inavumilia mvua ya kurusha. Betri inayoweza kutolewa ni bora kuliko iliyozibwa ndani, kwa sababu utanunua mbili, moja inachaji nyumbani nyingine iko kichwani. Tochi nzuri ya aina hii haizidi sana bei ya debe la maharage. Piga hesabu pongo mmoja amekula madebe mangapi.

Darubini, kwa wanaopenda kuona mapema

Wachache wananiuliza darubini, na kwa shamba la ekari tano na kuendelea lililo kwenye mteremko ni kifaa kizuri kuliko watu wanavyofikiri. Ukikaa juu saa kumi na mbili na nusu jioni unaona wanakotokea kabla hawajafika kwenye zao.

Zile ndogo za mfukoni hazifai jioni. Darubini huandikwa namba mbili, mfano 10x25 au 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. 25 kwa 10 unapata 2.5. 42 kwa 8 unapata zaidi ya 5. Hiyo ndiyo milimita ya mwanga inayoingia kwenye jicho lako, na mboni ya kijana gizani hufunguka hadi karibu milimita 7. Kwa hiyo ile ya 10x25 inakunyima mwanga haswa saa unapouhitaji, hata kama muuzaji anasema inakuza zaidi. Tafuta 8x42, au 7x50 za mitumba zile nzito za zamani. Ni mzigo shingoni, lakini kwenye giza hazina mpinzani.

Taa za kusimika

Mwaka 2013 kijana wa Kimasai wa Kenya, Richard Turere, aliieleza dunia jinsi alivyofunga taa za kuwaka na kuzima kuzunguka boma la ng'ombe karibu na Hifadhi ya Nairobi. Alikuwa ameanza akiwa na miaka 11, kwa betri ya gari na vipande vya pikipiki. Aligundua kwamba simba anaogopa mwanga unaotembea, kwa sababu anadhani kuna mtu anazunguka na tochi. Taa iliyosimama na kuwaka muda wote simba anaizoea.

Kwa shamba la maharage na mahindi wazo ni lilelile, ila urekebishe vitu vitatu. Cha kwanza ni kimo. Vijana wanafunga taa juu ya mti mrefu, inamulika majani. Pongo na nguruwe macho yao yako chini. Funga taa sentimita 50 hadi 80 kutoka ardhini, ikiangalia nje ya shamba, kwenye njia wanayotokea. Cha pili, hamisha. Kila baada ya siku tatu nne badilisha sehemu na mpangilio. Mnyama anasoma kama wewe, na nguruwe hasa, yule anasoma haraka kuliko baadhi ya wanafunzi niliosoma nao. Cha tatu ni paneli. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, paneli ilale karibu bapa, mwinamo mdogo tu ili maji ya mvua yatiririke na vumbi lisikae. Nimekuta paneli zimesimamishwa kama mlango, mtu kafuata picha za Ulaya. Ifute kila wiki kiangazi, vumbi jekundu letu linakula chaji yote.

Taa peke yake haitoshi, lazima mtu awepo kwenye wiki za hatari. Kusini na kaskazini mwa nchi wanaolinda mashamba dhidi ya tembo wana mpangilio wa ngazi: kwanza mwanga, akikaidi unaongeza kelele, na kadhalika, bila kumkaribia. Huo mpangilio ufuateni. Tochi, kisha filimbi au honi, kisha debe. Ukianza na kila kitu usiku wa kwanza, wa pili huna kipya.

Dungu liwe wapi

Wazee walijua kujenga dungu, na wengi mmeliacha kwa kuliona la kizamani. Nawaomba mlirudishe, ila mchague mahali kwa akili ya mwindaji.

Kwenye vilima vyetu hewa hubadilika na jua. Mchana mteremko ukipata joto hewa inapanda. Jua likizama mteremko unapoa na hewa nzito ya baridi inateremka bondeni, taratibu, kama maji. Mwindaji anayetaka kujificha hukaa chini ili harufu yake isimfikie mnyama aliye juu. Wewe kaa juu. Pongo anatokea bondeni, kwenye kichaka cha mto, na harufu yako inamteremkia usoni. Moshi kidogo wa majani mabichi mbele ya dungu unasaidia hilo, na unakuonyesha hewa inakwenda wapi. Ukiona moshi unapanda juu jioni, kuna upepo, basi hamia upande mwingine wa shamba.

Na usilinde msimu mzima, utachoka na utaacha siku ile ile wanayokuja. Maharage yanahitaji ulinzi mkali kuanzia yanapochomoza hadi yanapokaza, kama wiki tatu hivi, halafu tena yanapotoa maua na maganda machanga. Mahindi yanachimbuliwa mbegu na nguruwe wiki ya kwanza, kisha yanavamiwa yakiwa na maziwa. Andika tarehe ya kupanda, hesabu kwa mbegu yako, gawaneni zamu na majirani wawili watatu wanaopakana. Masaa yenyewe ni mawili kwa siku: kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa mbili usiku kwa pongo, na tena kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka kupambazuke. Nguruwe na nungunungu ni wa katikati ya usiku, hao waachie taa na uzio wa miiba.

Jua nani anakula

Kabla hujatoa hata shilingi, tembelea shamba asubuhi umande haujakauka. Pongo hana meno ya mbele juu, kwa hiyo hakati, anavuta na kurarua, ncha ya mche inabaki na nyuzi. Sungura na panya wanakata safi, kwa mshazari kama kisu. Nguruwe anageuza udongo. Nungunungu anatafuna shina chini na kuacha alama za meno, hasa kwenye muhogo. Nyani anakuja mchana kweupe, anavunja hindi, anaonja, anatupa, anachukua lingine. Kwa nyani taa zote nilizosema ni bure, unahitaji mtu na mbwa wa kubweka shambani.

Nyayo za pongo ni nyembamba, zimechongoka mbele. Za nguruwe ni pana na butu, na kwenye matope alama za kwato ndogo za nyuma huonekana. Piga picha na sarafu kando yake ili kimo kionekane, nitumie. Picha hizo ndizo zinazosaidia pia ukienda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri kuomba msaada. Ukienda na maneno matupu unaambiwa subiri.

Kwa wale wenye mapenzi ya kweli na wanyama hawa kama biashara, kuna njia halali ya kufuga wanyamapori kwa kibali, na tangu 2020 kuna kanuni za mabucha ya nyamapori. Ni mtaji mkubwa na makaratasi mengi, nitaandika siku nyingine. Nasema tu mjue mlango upo.

Neno dogo la historia kwa wanaopenda. Speke alipofika Karagwe mwaka 1861 akawa mgeni wa Mfalme Rumanyika, aliandika habari za mnyama wa kwenye matete anayeitwa nzohe, ndugu wa karibu wa pongo. Leo jina la kisayansi la mnyama huyo lina jina la Speke. Halikuwekwa jina la Mnyambo yeyote aliyemwonyesha. Hilo huwa linaniudhi kidogo kila nikilikumbuka.

Jambo la mwisho ni la wenye mashamba karibu na Mto Kagera na maziwa. Ukikuta njia pana iliyolazwa, yenye mifereji miwili na ukuta wa nyasi katikati, huyo siyo pongo wala nguruwe, ni kiboko. Kwake haya ya tochi na filimbi kwa karibu hayapo. Usimfuate, usimulike ukiwa umesimama njiani kwake, na usikae hata kidogo kati yake na maji. Shuka kwenye dungu lililo upande wa mto, rudi nyumbani kwa njia ya juu, na mjulishe mwenyekiti wa kijiji usiku huo huo ili askari wa wanyamapori waitwe.